Baraza la Mwalimu: Wino mwekundu kwenye karatasi ya karanga

Mwezi huu nimeweka kando barua za ada na uhamisho, nimechukua za wanaofundisha uandishi vyuoni, pamoja na moja ya mwanafunzi. Nimefundisha somo hili hapa Dodoma kwa miaka 19. Mwaka wa kwanza wa fani zote nawafundisha Stadi za Mawasiliano kwa Kiingereza, na wanaosomea ualimu nawafundisha Uandishi wa Kiswahili. Barua ya kwanza imenikaa moyoni, kwa hiyo jibu lake ni refu.

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mhadhiri msaidizi, huu ni mwaka wangu wa pili kazini. Nina wanafunzi 180. Muhula huu niliwapa insha ya kurasa tatu, nikasahihisha kila kosa: vituo, herufi kubwa, "l" na "r", marejeleo. Wiki mbili nzima nimelala saa nane usiku. Nilipowarudishia waliangalia maksi, basi. Juzi nimenunua karanga za mia mbili nje ya geti. Nilipofungua kile kikaratasi nikakuta mwandiko wangu, wino mwekundu: "Hoja hii inahitaji mfano." Nimevunjika moyo. Niendelee kuandika maoni, au niweke maksi tu kama wenzangu?
*Mhadhiri msaidizi, Iringa*

Marahaba, mdogo wangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, na nataka tuanze na hiyo sentensi uliyoikuta kwenye karanga.

"Hoja hii inahitaji mfano." Isome kama angeisoma kijana wako. Nani anauhitaji huo mfano? Mfano gani? Kijana anasikia kanuni ya mtihani, ileile aliyoisikia tangu Kidato cha Kwanza, na kanuni ikishavunjwa na maksi ikishakatwa, hana la kufanya tena. Ungeandika, "Hapa nilitaka kujua ilikuwa mwaka gani na wewe ulikuwa wapi," angejua kuna mtu amefika mpaka mstari ule, akasimama na kutaka kusikia zaidi. Karatasi hiyo pengine nayo ingefungia karanga. Lakini yeye angekuwa ameshakujibu moyoni kabla ya kuitupa.

Tupige hesabu. Insha 180, kila moja dakika 10, ni saa 30. Hakuna binadamu anayesoma saa 30 za insha zinazofanana. Nimejiangalia mwenyewe: ikifika ya sitini sisomi tena, nawinda. Jicho linaruka kutoka kosa hadi kosa, "kwasababu" iliyounganishwa, "ata" badala ya "hata", "masaa" badala ya "saa", na mwisho wa ukurasa ukiniuliza kijana amesema nini, sijui. Na yeye anajua kwamba sijui. Watoto wanatambua upesi sana nani anawasoma na nani anawahesabia makosa.

Halafu fikiria wametoka wapi. Miaka sita ya sekondari wameandika kwa ajili ya msahihishaji wasiyemjua, aliyeshika mwongozo mkononi. Utangulizi wenye fasili, hoja kadhaa zilizohesabiwa, hitimisho. Anayefuata njia hiyo anafaulu, na kwa kufaulu huko ndiyo amefika kwako. Ndiyo maana ukimwuliza lugha inavyotumika sokoni kwao, anaanza na "Kwa mujibu wa TUKI (2004)", ile Kamusi ya Kiswahili Sanifu, anakupa fasili, anataja ubora wa fasili, anataja udhaifu wa fasili, analeta mtaalamu wa pili na fasili nyingine, na unafunua ukurasa wa pili soko bado halijafunguliwa. Zamani nilikuwa nakasirika. Sasa sikasiriki, kwa sababu huyo ni mtoto mtiifu. Ametenda sawasawa na alivyofundishwa, na mfumo ukamlipa kwa nafasi ya chuo na mkopo wa Bodi ya Mikopo.

Kwa hiyo swali lako, maoni au maksi tu, mimi nalijibu hivi: punguza masahihisho, ongeza kusoma. Usiwape kurasa tatu. Wape aya moja, mistari kumi na tano, juu ya jambo waliloliona kwa macho yao. Isome mara ya kwanza kalamu ikiwa mezani. Hilo ni gumu mwanzoni, mkono unawasha. Mara ya pili piga mstari mahali ulipozinduka, uandike pembeni ulichokiona. Weka alama nyingine mahali ulipopotea, useme ulipotelea wapi. Chagua kosa moja la lugha, moja tu, linalojirudia kwa huyo mtu, umwoneshe. Rudisha bila maksi. Maksi zije kwenye andiko la pili. Chuoni kwetu kazi za muhula zinabeba asilimia 40, na sijawahi kukatazwa kuzigawa nitakavyo ndani ya hizo arobaini. Waulize na wakubwa wako, huenda nawe unayo nafasi hiyo.

Nikupe mfano mmoja, nao ndio ulionigeuza.

Nilikuwa na kijana wa mwaka wa kwanza, kwao ni vijiji vya karibu na Kibaigwa, kwenye lile soko kubwa la mahindi la barabara ya Morogoro. Insha yake ilianza, "Kilimo ni uti wa mgongo wa taifa letu." Sentensi hii nimeisoma mara nyingi kuliko jina langu. Zikafuata kurasa tatu zisizo na jembe, zisizo na mtu, zisizo na mvua. Nikamwita ofisini, nikaigeuza karatasi uso chini.

"Kwenu mnalima?"

"Mahindi na alizeti, mwalimu."

"Mnauzaje?"

Akaanza taratibu, kisha akachangamka. Gunia ni debe sita, alisema, na sheria hairuhusu lizidi kilo 100. Lakini mnunuzi anakuja na magunia yake, wapagazi wake na debe lake, na hilo debe limegongwa kitako kwa ndani mpaka limevimba. Zikiingia sita, gunia linainuliwa na kudundishwa chini ili mahindi yashuke. La saba linashindiliwa kwa miguu. Halafu juu kinaongezwa kipande cha gunia jingine, kinashonwa kwa kamba ya katani, gunia linavaa kilemba. Ndiyo lumbesa. Muda wote huo mama yake amesimama pembeni na punje za mahindi kwenye kiganja cha kulia, na kila debe likimwagwa anahamisha punje moja kwenda kushoto. Hasemi neno, kwa sababu akisema sana mnunuzi anahamia kwa jirani.

Nikamwambia, "Hayo uliyoniambia, kayaandike."

Akanitazama kwa wasiwasi wa kweli. "Yanaruhusiwa, mwalimu? Hayana marejeleo."

Mdogo wangu, nilikaa kimya kidogo. Mtu amekaa miaka kumi na mitatu darasani, na amefika chuo kikuu akiamini kwamba alichokiona kwa macho yake hakiruhusiwi kwenye karatasi.

Andiko la pili lilianza hivi: "Mama huhesabu debe kwa punje za mahindi." Makosa yalikuwepo, mengi tu. Nilichagua moja: sentensi zake zilikuwa zinakwenda nusu ukurasa bila nukta. Mengine nikayaacha yasubiri zamu yao. Na marejeleo yalikuja yenyewe. Alitaka kuthibitisha ile kilo 100, akaenda maktaba kuitafuta Sheria ya Vipimo, akairudisha ikiwa na kifungu chake. Mara hii aliitafuta kwa sababu aliihitaji.

Kwa hiyo usiache kuandika pembeni. Andika machache, na uandike kama mtu anayesoma.

Mwalimu, kazi za vikundi zinanichosha. Kikundi cha watu kumi, anaandika mmoja, tisa wanachanga mia tano za kuchapisha steshenari na kuandika majina yao kwenye jalada. Nifanyeje?
*Mkufunzi, Songea*

Gawa vikundi vya watu wanne. Kila mmoja aandike aya yake kwa mkono, aweke sahihi, na aya zote nne zibanwe nyuma ya kazi iliyochapwa. Siku ya kuwasilisha usimwachie mwenye sauti kubwa ndiye aseme: chagua wewe, na umwulize juu ya aya ya mwenzake. Na yule mmoja aliyekuwa anawaandikia wote, mtafute faraghani. Mara nyingi ni binti aliyeogopa kufeli kwa uzembe wa wengine, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anaandika vizuri.

Habari za kazi, Mwalimu. Insha zinazokuja siku hizi ni safi mno. Mwanafunzi ambaye kwenye WhatsApp ananiandikia "cjaelewa mwl" analeta Kiingereza kama cha mhariri wa gazeti la London. Najua ni akili unde. Nimetumia programu ya kukagua, imesema asilimia 80. Nimpe sifuri?
*Mkufunzi wa chuo cha ualimu, Morogoro*

Salama, mwenzangu. Usimpe sifuri kwa ushahidi wa programu.

Kampuni ya OpenAI, ambayo ndiyo iliyotoa ChatGPT Novemba 2022, nayo ilitengeneza kifaa cha kutambua maandishi ya mashine. Julai 2023 ikakiondoa, ikikiri kwamba usahihi wake ni mdogo. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walivipima vifaa kadhaa vya namna hiyo kwa insha za TOEFL, mtihani wa kupima Kiingereza, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilidaiwa kuwa za mashine, na zote ziliandikwa na binadamu. Sababu yake inatugusa sisi moja kwa moja. Vifaa vinashuku maneno machache yanayojirudia na sentensi zinazotabirika, na mtu anayeandika kwa lugha aliyojifunzia darasani anaandika hivyohivyo.

Mimi hili limenikuta. Nilimwambia binti mmoja mbele ya wenzake kwamba insha ile si yake. Hakujibu. Alifungua begi, akatoa kaunta buku, akaniwekea mezani. Ndani kulikuwa na maandiko manne ya insha ileile kwa penseli, yamefutwa na kuandikwa juu yake mpaka karatasi imechakaa. Andiko la kwanza lilikuwa baya. La pili lilikuwa afadhali. La nne lilikuwa lile nililolishika mkononi. Wiki iliyofuata nilisimama mbele ya semina ileile nikamwomba radhi, kwa sababu aibu nilimpa hadharani na haikufaa nimwombe msamaha chumbani. Amenisamehe. Mimi bado nauona ule ukurasa.

Sasa nafanya hivi. Andiko la kwanza linaandikwa kwenye semina, dakika 40, kwa kalamu, kwenye kaunta buku. Nazunguka naweka sahihi na tarehe. Wakienda nyumbani waliendeleze watakavyo, lakini linalorudi lazima liwe limeota kwenye lile. Kisha kila mmoja ananijia kwa dakika tano, namwuliza, "Kwa nini umeanza na jambo hili? Uliacha nini?" Aliyeandika atajibu, hata kwa Kiingereza cha kukwamakwama, atajibu kwa mikono. Ambaye hakuandika anaitazama karatasi kana kwamba ni ya jirani.

Na huyo asiyejibu, usianze na adhabu. Mwulize kilichomtisha. Kwa uzoefu wangu, wavivu wapo, ila wengi zaidi wanaona haya. Wanaamini Kiingereza chao kitachekwa, hivyo wanaazima cha mashine kama mtu anayeazima suti ya kwendea usaili. Darasa ambalo mwalimu huwasomea wengine sentensi mbovu kwa sauti ili wacheke, ndilo litakalokuletea insha safi mno. Samahani kama nakugusa. Wengi wetu tulifundishwa kwa kuchekwa na tukadhani ndivyo inavyotakiwa.

Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa kwanza, nimepata sapu, mtihani wa marudio, ya Stadi za Mawasiliano. Shule ya msingi nimesoma kwa Kiswahili. Kijijini kwetu mimi ndiye ninayeandika risala za mahafali na barua za watu wanaoomba kazi, tangu niko Kidato cha Pili. Kwa Kiingereza kalamu inagoma. Je, ni kweli sijui kuandika?
*Mwanafunzi, Mwanza*

Marahaba, mwanangu. Unajua kuandika, na nitakuonesha kwa risala zako mwenyewe.

Ukiandika risala ya mahafali unaanza kwa kujua mgeni rasmi ni nani. Diwani unamwandikia tofauti na mkuu wa wilaya. Unajua wazazi wamekaa pale nyuma kwenye jua, kwa hiyo huwezi kurefusha. Unataja mafanikio kwanza ili changamoto zisisikike kama lawama, na unajua kwamba safari yote hiyo inaelekea kwenye ombi la madawati au tangi la maji, ukilisahau hilo risala imekufa. Sasa fungua vijitabu vya Stadi za Mawasiliano, sura ya hadhira na lengo. Wewe umekuwa ukiifanya kazi ya sura ile tangu ukiwa na miaka kumi na mitano.

Kinachokwama ni lugha, na uzito huo hukuutengeneza wewe. Baada ya Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, 1967, Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule za msingi za serikali, sekondari ikabaki na Kiingereza, na mpaka leo mtoto anavuka mto huo akiwa na miaka kumi na tatu au kumi na minne bila daraja la maana. Mimi nasema hili waziwazi hata kwenye vikao: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aruhusiwe kufikiri na kuandika rasimu kwa Kiswahili. Kwenye semina zangu naruhusu. Pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Idara ya Kiswahili ilianzishwa mwaka 1970, siku hizi imo ndani ya Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, na masomo yake yanafundishwa kwa Kiswahili hadi uzamivu, basi nani atasema lugha hii haibebi hoja?

Kwa sapu yako fanya hivi. Chukua swali la mwaka jana, liandikie jibu kwa Kiswahili kama risala. Pembeni ya kila aya andika kwa mstari mmoja aya hiyo inataka nini: "Hapa naeleza tatizo. Hapa naleta mfano wa kijijini kwetu. Hapa naomba." Kisha funika Kiswahili chako kabisa, uandike Kiingereza kutoka kwenye ile mistari ya pembeni. Usitafsiri neno kwa neno, utazama. Sentensi ziwe fupi, mtendaji mwanzoni, nukta mwishoni. Soma kwa sauti kwa mwenzako chumbani, na atakapokunja uso, hapo pafanyie kazi. Niandikie ukimaliza mtihani, matokeo yoyote yatakayokuwa.

Mwalimu mwenzangu, nafundisha Kiswahili Kidato cha Sita mwaka wa kumi na moja. Nimeitwa usaili wa kufundisha uandishi chuoni. Niambie ukweli, huko kuna nini?
*Mwalimu, Singida*

Ukweli, mwenzangu, kuna kumbi zilizojaa mpaka wengine wanaandikia mapajani. Kuna CR, kiongozi wa darasa, atakayekupigia saa tano usiku kuuliza kama testi ni kesho. Utapandishwa cheo kwa machapisho yako, na insha elfu utakazozisoma kwa uangalifu hazihesabiwi popote. Ukienda, nenda ukilijua hilo, maana limewaondoa walimu wazuri niliokuwa nawategemea.

Na kuna hili. Yule kijana wa Kibaigwa, baada ya andiko la pili, alimpigia mama yake simu jioni akamsomea insha yote, kutoka ile sentensi ya punje hadi mwisho. Mama hakuwahi kusikia kitu alichoandika mwanawe. Kesho yake asubuhi nilimkuta mlangoni kwangu kabla sijafungua ofisi, ameshika karatasi, amefadhaika.

"Mwalimu, nimekosea. Mama amesema kilemba si debe la saba. La saba linaingia lote ndani. Kilemba ni la nane. Amesema nikiandika saba watu watadhani ni afadhali."

Nikamwambia bado kuna muda hadi Ijumaa. Akakaa kwenye benchi la koridoni, akaweka karatasi juu ya goti, akaanza kuandika upya.